Ukoo wa Bi Asha: darini kwa Ami Seif

ALHAMISI

Raya Portsmouth, 07:12
Asalaam alaykum nyote. Nyumba ya Ami, Allah amrehemu, tunakabidhi funguo Jumatatu. Chini kumekwisha, bado darini: ile reli yake ndogo ya kuchezea na vile vijumba vya plastiki alivyounganisha. Nani anachukua nini? Nataka majibu leo.

Raya Portsmouth, 07:13
[Picha 3]

Raya Portsmouth, 12:40
Tiki za buluu naziona.

Hamed Maskati, 13:05
Waalaykum salaam. Lahaula, kinu cha upepo bado kipo! Panga moja mbona limevunjika?

Nassor Unguja, 13:06
Muulize Salim 😂

Hamed Maskati, 13:11
Mnakumbuka Ijumaa za mshahara? Ami anatoka kazini, kwapani kafumbata mfuko wa kijumba cha Airfix cha kuunganisha, kutoka duka la Woolworths, shilingi mbili za zamani zile. Mfuko wa plastiki tu, juu umebanwa karatasi yenye picha. Hakuli mpaka ameufungua. Harufu ya ile gundi ilikuwa inaingia mpaka kwenye wali.

Raya Portsmouth, 13:12
Hamed, unachukua au huchukui?

Hamed Maskati, 13:15
Tazama picha ya tatu, lile duka. Dirisha la kushoto lina alama ya dole gumba. Dole langu hilo! Gundi ilikuwa mbichi nikabonyeza. Ami hakunigombeza, alipaka rangi juu yake akaliacha.

Raya Portsmouth, 13:19
Hongera. Dole langu miye hamtaliona popote. Sisi watoto wa kike mwisho wetu ulikuwa mguu wa ngazi, na sinia la chai. Leo wa kupanda darini na kufuta vumbi ni nani?

Raya Portsmouth, 13:19
Basi tu.

Mwanaidi Toronto, 15:48
Poleni, nilikuwa kazini. Da Raya usikasirike. Lile kanisa lipo? Lililokatwa mnara likaitwa skuli?

Hamed Maskati, 15:50
😂😂 Yule mzee jirani akiuliza mnara uko wapi, Ami anamjibu umepelekwa kutengenezwa.

Nassor Unguja, 15:51
Mpaka leo uko kwa fundi.

Raya Portsmouth, 15:58
Nisikilizeni. Jana nimemwita mnunuzi. Vijumba anasema havina bei, vimeshagundishwa na kupakwa rangi. Vingekuwa ndani ya mifuko yake, havijaguswa, hapo tungezungumza. Na kalibu zenyewe za Airfix zilichukuliwa na kampuni ya Dapol miaka ya 80, vijumba vilevile vinatolewa mpaka leo. Anachotaka yeye ni treni ndogo za chuma za Hornby Dublo. Akaniuliza: boksi la Duchess of Montrose lipo, injini iko wapi?

Raya Portsmouth, 15:58
Nami nauliza hapa. Injini iko wapi?

(Ujumbe huu umefutwa)

Nassor Unguja, 16:02
Salim, tumekuona.

Hamed Maskati, 16:10
Tusianze mambo ya mwaka ule. Hata yule mnunuzi hajui kitu. Kile kibanda cha ishara za treni kimeigwa kile cha stesheni ya Oakham, hukohuko Uingereza, cha kweli kipo mpaka leo. Ami alitupeleka kwa treni kukiona, akasimama kuhesabu vioo vya madirisha. Chake kilikuwa sawa, akarudi anatabasamu njia nzima.

Khamis Dubai, 16:30
[Amesambaza: Dua ya kuondoa dhiki, mtumie kila umpendaye]

Raya Portsmouth, 16:31
Khamis, gari unalo?

Nassor Unguja, 19:20
Shangazi Zuwena kasomewa yote. Anazungumza, naandika kama anavyosema:

"Wanangu, hiyo stesheni iliyopakwa nyeupe, yenye jina la Bububu, haiuzwi. Baba yetu alikuwa akipanda gari la moshi kutoka Ngome Kongwe kwenda shamba. Seif hakuliona, reli ilikwisha ng'olewa kabla hajazaliwa. Ameijenga kwa maneno ya baba, kwa plastiki ya Wazungu. Hayo mengine gaweni. Na aliyechukua cha marehemu akiwa hospitali, akirudishe, nisimtaje mtu."

Hamed Maskati, 19:22
Tumesikia Shangazi.

Mwanaidi Toronto, 19:25
Labeka Shangazi 🤲

Khamis Dubai, 19:40
Labeka.

Raya Portsmouth, 19:41
Haya. Stesheni inakwenda Unguja. Nani anaipeleka? Paa lake likiguswa linapasuka, plastiki imekuwa kama maganda ya kitunguu. Si ya kutia kwenye begi la chini.

Nassor Unguja, 19:44
Hamed anakuja mfungo.

Hamed Maskati, 19:47
Inshallah. Lakini sipitii Uingereza.

Raya Portsmouth, 19:48
Basi ipitie wapi?

IJUMAA

Salim London, 00:53
Shikamoo Shangazi. Nimeona sasa hivi. Injini ninayo. Ami alinipa kwa mkono wake, Nassor hakuwepo.

Nassor Unguja, 05:30
Nilikuwepo.

Raya Portsmouth, 06:15
Mtapatana wenyewe. Salim, njoo kesho saa nne asubuhi, uje na injini na maboksi ya viatu, na magazeti ya kufungia. Kinu, duka na skuli vinakaa kwangu mpaka mtu aseme.

Raya Portsmouth, 06:16
Duka nilitie kando, Hamed?

Raya Portsmouth, 09:02
Hamed?

Khamis Dubai, 09:10
Gari ninalo, lakini liko Dubai.