MREJESHO: Bima ya mke wangu Ujerumani

Wakuu, salaam. Niliuliza kama mke wangu, aliyekuwa ananifuata Ujerumani akiwa mjamzito, nimkatie bima ya afya binafsi au aingie kwenye yangu ya umma. Ameshafika, ameshajifungua, mama na mtoto wazima.

Mliosema bima ya umma mlisema kweli. Mimi ni mwajiriwa, mchango unakatwa kwenye mshahara na nusu analipa mwajiri. Mke asiye na kipato anaingia kwangu bila nyongeza hata senti, mtoto vilevile. Kuna wakala alinishikia bango na bima binafsi ya wageni, bei chee kweli, ila kuisoma vizuri, ujauzito ulioanza kabla ya mkataba haumo! Nikamkimbia.

Kulazwa kwa kawaida unachangia euro 10 kwa siku, mwisho siku 28 kwa mwaka. Dawa ya cheti euro 5 hadi 10. Kujifungua hauchangii kitu, na hata mkunga anayekuja nyumbani analipwa na bima. Bima ya safari ilitusaidia kwenye viza na siku za mwanzo tu.

Mkuu uliyeuliza kama wazazi nao wanaingia kwenye bima ya mtoto wao: hawaingii. Familia kwao ni mwenzi na watoto.