Naomba ushauri: niende Bagamoyo au Mlimani kusomea maigizo?

Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo. Mimi niko Kigoma, nimemaliza form six mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na English), kuigiza nimeanza toka form two. Shule yetu haikuwa na ukumbi, tulikuwa tunasogeza meza za bwalo baada ya msosi wa jioni, jukwaa tunachora chini kwa chaki, mara kengele ya prepo (kujisomea usiku) inagongwa mnaachia katikati. Mwaka jana niliigiza mjane na kanga ya mama imefungwa kiunoni, bado inanuka dagaa maana mama anaanika pale Kibirizi, watu walilia kweli. Siku ile ndo nilijua hii ndo kazi yangu.

Sasa mzee anataka ualimu, anasema maigizo si kazi. Mimi nawaza diploma kwenye chuo cha sanaa TaSUBa kule Bagamoyo, au degree ya sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), pale Mlimani. Naumia maana sitaki kumvunjia heshima, ada ni yeye anatoa.

Waliosoma huko, mazoezi ya vitendo yakoje, na wa degree mkopo wa bodi ya mikopo mlipata? Na mzazi mliongea naye vipi akaelewa?