KAMA ULIKUWA NA HARAKA, MBONA ULISHUKA KWENYE NDEGE?

Mwana_Katuba:

Naandika hapa hapa nikiwa nimekalia valizi, kwa hiyo msinisahihishe herufi.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule protokole, mtu wa kukupitishia makaratasi, wa Luano, uwanja wetu wa ndege hapa Lubumbashi, mwenye kadi shingoni isiyosomeka, miwani ya jua siku ya mvua, simu tatu na hakuna hata moja yenye salio. Pasipoti iko mkononi mwake, kuponi ya mizigo iko mkononi mwake, treni mjini inapiga honi mpaka Zambia wanaisikia, na yeye anakula muhindi wa kuchoma. Ukimwambia "papa, fanya haraka, kuna treni", anatafuna kwanza. Anameza. Anatoa ganda kwenye jino. Halafu anasema: "Kama ulikuwa na haraka, mbona ulishuka kwenye ndege?"

MBONA. ULISHUKA. KWENYE NDEGE.

Sasa kabla hamjaanza na "ungepanga muda vizuri", hesabu hii hapa. Ukitua hapa ukitokea nchi nyingine, kwanza kadi ya manjano ya chanjo, halafu muhuri wa uhamiaji, halafu valizi, halafu forodha, halafu mlangoni yule anayelinganisha namba ya kuponi na namba iliyobandikwa kwenye valizi. Vizuizi vitano. Vinne unavipita kwa miguu yako mwenyewe, bila protokole na bila kumpa mtu hata franga. Cha tano bila kuponi hupiti, hata valizi iwe na jina la babu yako limetariziwa kwa uzi mwekundu. Na kuponi iko wapi? Iko kwa mtu anayekula muhindi.

Na treni! Treni ikikaa siku mbili bila kuondoka hakuna anayeshangaa, watu wanafua nguo na kuanika. Chelewa wewe dakika kumi, inaondoka kama imechapwa fimbo.

Mbona nilishuka kwenye ndege. Nilitakiwa nikae humo nizae watoto?

Shaba_Original:

Nimeleta kiti. Endeleeni.

Yaya_wa_Kampemba:

Weye mwenyewe ndiye mwenye kosa. Nani anampa mtu mmoja pasipoti NA kuponi? Ukimpa kimoja, kingine kinabaki mfukoni na yeye anajua utaondoka. Ukimpa vyote viwili umemfanya baba yako mdogo. Ile karatasi ndogo wanaibandika nyuma ya tiketi ya kupandia au kwenye jalada la pasipoti wakati wa kukabidhi mizigo. Ibandue, ipige picha, itie ndani ya soksi kama ni lazima.

Halafu tuseme ukweli, lile swali lake lilikuwa zuri.

Fundi_Kamina:

Mwenye uzi anapiga kelele kwa protokole, lakini ugonjwa ulianza siku alipokata tiketi. Ndege na treni ya safari ndefu havifungwi siku moja. Fika jana yake, lala mjini. Ukiwa huna namna, njoo na begi la mkononi tu, maana mkanda wa mizigo ndio unaomeza muda kuliko muhuri. Awepo ndugu mjini anayekununulia tiketi kwa jina la kwenye kitambulisho chako, na asubuhi aende kwa miguu ku gare, yaani stesheni, akaangalie kama behewa zimepangwa na kichwa cha treni kimeunganishwa. Simu haitoshi. Kwenye simu kila treni ipo.

Mnauliza kwa nini isimsubiri mtu hata dakika kumi. Njia ni moja. Treni mbili zinapishana kwenye stesheni yenye reli ya pembeni tu. Hii ikikosa nafasi yake, inasimama kungoja ile inayokuja, na dakika zako kumi zinageuka saa nyingi kwa watu wote waliomo. Hakuna mkuu wa stesheni atakayefanya hivyo kwa ajili ya valizi yako.

Mwana_Katuba:

Sawa mwalimu, lakini ALIKUWA ANATAFUNA.

Kin_Lshi_Kin:

Wanaotoka Kinshasa wana balaa lingine hamjaligusa. Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Ndege ikiruka 09:00 ya kule na kukaa angani saa mbili na robo, mtu anahesabu 11:15, anaagiza chai. Hapa tayari ni 12:15. Treni ya 13:00 unaiona mgongo. Wa Nairobi wao wana bahati, wanashuka hapa na kurudishiwa saa moja mfukoni.

Mama_Bukari:

Ninyi wanaume mnalilia muhindi. Semeni juu ya taxi! Usiposema "ekspresi" kabla ya kufungua mlango, anakusanya watu wanne njiani, kila mmoja na gunia, na kila mmoja anashuka upande wake. Na bei mkubaliane kabla valizi haijaingia nyuma, maana ikishaingia imekuwa mateka. Beba franga za mkononi. Dola yenye mpasuko mdogo kama ukucha wa mtoto mchanga ataigeuza juani mara sita na kukurudishia, na hapo chenji utatafuta kwa nani?

Shaba_Original:

Dola ya mpasuko ifunguliwe uzi wake. Mimi nina hasira nayo.

RN1_Hailali:

Mwenye uzi, inuka kwenye valizi. Lubumbashi mpaka Likasi ni lami, kama kilomita 120. Gari ndogo iliyojaa ikitoka sasa inaifikia treni kabla haijaondoka Likasi, maana treni haina haraka na wewe unayo. Ukiikosa Likasi, jaribu Tenke, basi. Baada ya Tenke reli inapanda kaskazini kwenda Lubudi, Luena na Bukama, na lami inaelekea Kolwezi. Hapo mnaachana kabisa.

Mwana_Katuba:

Na mzigo wangu uliosajiliwa jana ulioko ndani ya behewa la mizigo?

RN1_Hailali:

Huo umefika Kamina kabla yako. Ukipoteza na ile risiti yake, rudi kwa mtu wa muhindi akusaidie.

Mchuuzi_Kariakoo:

Wakuu, poleni, ila huku Dar shida ni nyingine kabisa. Ukitua Julius Nyerere ukamwambia dereva "nipeleke stesheni", umejitafutia. TAZARA, reli ya kwenda Zambia, stesheni yake iko Barabara ya Nyerere, unaikuta ukitoka uwanjani kabla ya kufika mjini. Stesheni za reli ya zamani ya kati na ile mpya ya SGR ziko mjini kabisa. Anakushusha TAZARA na tiketi yako ni ya Dodoma. Sema jina la treni, usiseme stesheni.

Na ukija kwa upande wa Zambia, Kapiri Mposhi nako kuna stesheni mbili, ya TAZARA na ya reli ya Zambia, si jengo moja. Saa za Kapiri ni kama za Lubumbashi, ila Dar iko mbele saa moja.

Shaba_Original:

Reli yetu na TAZARA zina upana mmoja, si kweli? Kwa nini basi mtu asipande hapa akashukie Dar?

Fundi_Kamina:

Upana ni mmoja, milimita 1,067, toka reli ilipofika hapa 1910 ikitokea kusini. Gurudumu linaweza. Reli ya zamani ya kati ya Tanzania ni 1,000 na SGR ni 1,435, hizo ndizo hazipokeani, ndiyo maana Kidatu, TAZARA inapokutana na ile ya zamani ya kati, ilijengwa sehemu ya kuhamishia mizigo kutoka behewa hadi behewa. Mtu kupanda hapa akashuka Dar, hilo si jambo la gurudumu, ni la mipaka na mikataba.

Mwana_Katuba:

Jamani. Mada. Muhindi. Ndege.

Mama_Bukari:

Nani hapa ameshapeleka samaki wakavu kwa treni? Ukifunga kwa plastiki wanaota ukungu siku ya pili, ukifunga kwa gunia jirani anahama kiti.

Yaya_wa_Kampemba:

Katoni, magazeti juu na chini, matundu ya kidole kwenye pande mbili. Usiweke chini ya kiti karibu na ukuta wa chuma, usiku unatoka jasho. Na kisu cha kuwakatia ununue hapa mjini. Kikiwa kwenye begi la mkononi, uwanja wa ndege utakuchukulia, na mtungi mdogo wa gesi hautapita hata ndani ya valizi.

RN1_Hailali:

Mbuzi je? Analipa kama mzigo au kama mtu?

Mama_Bukari:

Mbuzi wa nani kwanza?