Kujipiga picha kwenye mikoko: mabaka ya ngozi yanapotea

Swali: Ndugu wapigapicha, nina mabaka meupe ya ngozi tangu utotoni, na sasa najipiga picha kwenye mikoko nikitaka yaonekane yalivyo, bila poda. Lakini kamera huyageuza kuwa weupe mtupu. Nifanyeje?

Jibu la 1: Kipimo cha mwanga huchukulia kila kitu kuwa kijivu cha wastani, kwa hiyo ngozi nyeusi na matope yakijaza fremu, kamera huongeza mwanga na mabaka huungua, yaani hugeuka weupe mtupu pichani. Pima kwenye baka lenyewe, kisha ongeza stopu moja tu (yaani mwanga mara mbili), kabla jua halijapanda.

Jibu la 2: Mtazame pia mpigapicha Zanele Muholi wa Afrika Kusini, ambaye katika picha za sura yake alizoanza mwaka 2012 huikoleza ngozi iwe nyeusi kuliko ilivyo, na katika moja ya mwaka 2015 amejibana vibanio vya nguo kwenye nywele na masikio, kumuenzi mama yake aliyekuwa mfanyakazi wa nyumbani. Kwako, mikoko isiwe pambo la nyuma (kosa la wengi, nami nikiwemo): matope yakaukie mkononi, kando ya baka.

Muulizaji: Shukrani. Kesho maji yakitoka nitaanza na mkono.