Tupeane uzoefu: siku bahari ilipokukumbusha kwamba wewe ni mtu wa bara

KifungoChaKoti: Leo nimekwama Mombasa Road hapa Nairobi saa mbili nzima, mvua, matatu imezingirwa na maji pande zote, nikakumbuka Kisite, ile hifadhi ya bahari. Tulitoka Shimoni vizuri tu. Kufika katikati nikatapika chapati tano mbele ya wakwe. Pomboo walikuja, watu wakashangilia, mimi sikuona hata mkia. Haya, mwaga yako.

MamaPili_Umoja: Chapati tano halafu mashua? Ulijitafutia.

NdovuWaRonga: Yangu iliishia mlangoni. Tumebeba katoni ya maji tangu Syokimau, tunaambiwa plastiki za kutumia mara moja haziingii hifadhini tangu Juni 2020. Pesa taslimu pia hawapokei, lipa kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, na simu ina asilimia 4. Tulikunywa yale maji palepale tumesimama, chupa baada ya chupa. Halafu ndiyo tukapanda mashua isiyo na choo.

BabaMapacha: Nyinyi mnacheka. Hii hata mama yangu sijamwambia.

Desemba, tukashuka Gede, tuktuk mpaka Watamu, kesho yake saa nne asubuhi tuko Mayungu. Maji yamepwa mpaka unajiuliza bahari imehamia wapi. Lile fungu la mchanga wanaloliita Sardegna 2 liko pale, jeupe pe. Tukasema, ya nini kulipia mashua? Tukaenda kwa miguu. Maji hata magotini hayakufika. Mke wangu na chupa ya chai, mimi na mwavuli, mapacha wa miaka sita wanakimbizana na kaa.

Mimi nilidhani maji yanarudi kutoka mbele, kule kwenye mawimbi. Kwa hiyo nimekaa natazama mbele, na mbele kumetulia. Kumbe fungu lina mgongo, na kati yake na ufuo kuna bonde. Bonde ndilo linalojaa kwanza. Niligeuka kwa sababu mtoto mmoja aliuliza, "Baba, ule mto ulikuwa pale?"

Haukuwa pale. Nikachomeka kijiti cha aiskrimu ukingoni nipime. Sijamaliza kufunga chupa ya chai, kijiti hakionekani. Tukajaribu kuvuka: hatua kumi, maji yako kiunoni kwangu na mkondo unanivuta mguu pembeni. Tukarudi. Fungu likawa kama ukumbi, likawa kama mkeka. Mke wangu hakupiga kelele. Aliwavua watoto viatu, akavipanga mstari mmoja, taratibu, kama tunaingia nyumba ya watu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Aliyetutoa ni mzee wa ngalawa aliyekuwa akirudi na pweza wake. Hakutukaripia. Alitupakia, akauliza swali moja tu: "Jana usiku mwezi hamkuuona?"

Shiro_Kasarani: Nimesoma mpaka chai imepoa.

MamaPili_Umoja: Yesu! Nami nililala vizuri jana.

MtotoWaLamu_SouthC: Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua. Maji hupwa sana na kujaa sana, tofauti inapita mita 3. Saa nne, saa tano asubuhi pakavu, saa kumi jioni bahari iko mlangoni. Kwetu mtoto wa darasa la pili anajua. Nyie mna simu za elfu hamsini, kutazama juu hamuwezi.

NdovuWaRonga: Na nyie mkija huku mnavuka Thika Road chini ya daraja la miguu.

MtotoWaLamu_SouthC: Mara moja tu! Na nilikuwa na haraka.

Otis_Donholm: Mimi sikuona shida yoyote, nilirudi hata na simbi moja kubwa ya sebuleni.

MtotoWaLamu_SouthC: Kwenye hifadhi huokoti kitu, hata simbi tupu. Kuna kaa anaitafuta hiyo nyumba.

Otis_Donholm: Nilinunua barabarani, tulia.

MtotoWaLamu_SouthC: Na aliyekuuzia aliitoa wapi, Gikomba?

Shiro_Kasarani: Jamani, nataka kupeleka watoto kisiwa cha Wasini Agosti. Ushauri?

MamaPili_Umoja: Agosti ni upepo wa kusi, bahari imechafuka. Ngoja kaskazi, Desemba hivi.

Otis_Donholm: Nilienda Agosti, bahari kama uji. Usimsikilize. Hata magari hakuna kisiwani, watoto wanakimbia tu.

KifungoChaKoti: Asubuhi usile kitu.

NdovuWaRonga: Kula! Tumbo tupu ndilo linalotapika. Tafuna tangawizi, kaa nyuma, kodolea nchi kavu.

MamaPili_Umoja: Na chapati isizidi moja 😂

Shiro_Kasarani: Kwa hiyo nile au nisile?

KifungoChaKoti: BabaMapacha, vile viatu je?

BabaMapacha: Vilikuwa vinne. Vitatu tulirudi navyo.