Mama kaanza insulini kanenepa, sasa anataka kuacha. Naombeni ushauri

Binti_Nkuhungu
Habarini wadau, wakubwa shikamooni. Niko hapa Dodoma naishi na mama, ana sukari aina ya pili miaka mingi, vidonge vikawa havishiki tena, sukari inasoma 18, mara 20 (mmol/L) na akakonda mpaka majirani wakaanza maneno yao. Kliniki wakamwanzishia insulini ya mchanganyiko (ya haraka na ya taratibu pamoja) asubuhi na jioni. Sukari imeshuka kweli, kukojoa usiku kumeisha, ila gauni zilizokuwa zinampwaya sasa zinambana, tumbo limetoka na kila saa njaa. Shoga yake kamwambia insulini ni homoni ya kunenepesha, mwili ukiizoea kongosho linalala moja kwa moja. Tangu hapo nikimwandalia sindano ananiambia leo napumzika. Ni kweli haya? Nimpunguzie dozi? Naogopa jamani, bibi yetu alikatwa mguu kwa ugonjwa huuhuu.

Kijana_Ihumwa
Acheni sindano, mlonge na mdalasini kila asubuhi anapona kabisa.

Nesi_wa_Kati
Hapana mkuu, mtu wa sukari 20 akiacha insulini kwa maneno kama hayo tunampokea emajensi kapoteza fahamu. Tuwe na huruma.

Dada pole. Kunenepa ni kweli, mama hajazusha. Sukari ikizidi kama 10 figo zinaanza kuimwaga kwenye mkojo, kwahiyo alikuwa anakula ugali sehemu ya sukari yake inaishia chooni ndo maana akakonda. Insulini imeziba huo uvujaji, akiendelea kula sahani ileile ya wakati anakonda lazima mwili urudi, tena na ziada, maana kazi ya hii homoni ni kuweka akiba na kuzuia mafuta yasiyeyuke. Halafu kongosho lenye afya linatoa na homoni nyingine, amilini, inayosaidia mtu asikie kashiba. Likichoka nayo inapungua, na sindano ya insulini hairudishi hiyo.

Ila kongosho halikulazwa na sindano, lilishachoka kabla ndo maana vidonge vikashindwa. Waingereza waliwafuatilia wagonjwa wa aina ya pili miaka kama 10, majibu yakatoka 1998: waliochoma insulini waliongezeka kama kilo 4 kuliko waliotibiwa zaidi kwa chakula, lakini kwa waliobanwa sukari vizuri, kwa insulini au vidonge, madhara ya mishipa midogo ya damu, hasa macho, yalipungua kwa robo. Mimi hizo kilo 4 nazipokea. Dozi usiiguse mwenyewe. Metformini, kile kidonge cha sukari, bado anameza?

Mzee_AreaC
Binti yangu, hiyo njaa ipimeni kwanza. Mke wangu akianza kutetemeka na jasho watoto walikuwa wanakimbilia soda, siku tulipopima tukakuta 7, mwili ulishazoea 20 ukishuka kawaida unaona kama unakufa. Ikiwa chini ya 4 hapo mpe sukari vijiko vitatu vya chai kwenye maji haraka, subiri dakika 15 upime tena. Ikiwa juu ya hapo usimpe soda. Na hili la uwele sisi watu wa huku tunajidanganya sana, ugali wa uwele ni mzuri kuliko sembe lakini ni wanga uleule, ukila mlima na mlenda sukari inapanda na mwili unaongezeka. Zabibu hizi za msimu nazo ziwe za kuhesabu. Jioni atembee kidogo.

Binti_Nkuhungu
Asanteni sana, shikamoo mzee. Metformini aliacha siku alipoanza sindano, akajua zimebadilishana. Na kweli kila akichoma jioni anakunywa uji wa sukari usiku eti isishuke akilala, hapimi kwasababu stripu za kupimia sukari ni ghali.

Nesi_wa_Kati
Basi hapo pana kazi. Mara nyingi metformini inaendelea pamoja na insulini, inasaidia uzito usipande sana na dozi iwe ndogo, ila daktari aangalie figo kwanza. Kuhusu uji, stripu chache mlizonazo pimeni kabla ya kulala na alfajiri, muandike kwenye daftari, ikionekana usiku inashuka kweli daktari ndo anapunguza dozi ya jioni, sio kulisha dozi kwa uji. Mkague na tumbo anapochoma, kama kuna uvimbe mgumu ahame sehemu. Siku ya kliniki wakimtaka aje hajala, asichome nyumbani, abebe insulini na chakula achome akishatolewa damu na anakaribia kula.

Binti_Nkuhungu
Ubarikiwe dada. Nimemsomea mama yote, jioni hii kachoma.