Tupeane uzoefu: dawa za maumivu na magoti yaliyolika

Goti la Kale (mleta mada)
Habari za usiku wakuu. Leo nimeshuka ngazi kinyumenyume, mkono ukutani, mwanangu akanipiga picha bila mimi kujua. Kuiona tu nikamkumbuka mama. Alikuwa anashuka hivyohivyo, nasi tunajificha nyuma ya mlango tunamcheka. Sasa zamu yangu. Goti la kulia limepigwa eksirei, nimeambiwa gegedu limelika na kwamba jina la ugonjwa ni osteoathraitisi. Nina miaka 54. Nilianza na parasetamoli, nikahamia ibuprofeni, sasa kila ninayekutana naye ananitajia diklofenaki. Mliopita njia hii, mlimeza nini, kilisaidia kwa muda gani, kiliwaachia nini? Nadharia ninazo za kutosha, nataka yaliyowakuta.

Bi Asubuhi
Umenigusa. Kwangu ni vidole. Nikiamka havikunji, kitasa cha mlango nakifungua kwa viganja viwili. Robo saa hivi vinalainika. Nameza parasetamoli mbili za miligramu 500, siku inaendelea. Zinanitosha.

Nyundo
Parasetamoli kwa kiungo kilicholika ni kuzima moto kwa mate.

Bi Asubuhi
Mwili wangu si wako, kaka.

Nyundo
Si maneno yangu, dada. Uingereza mwongozo wa 2022 wa NICE, taasisi yao inayoandika miongozo ya tiba, unawaambia madaktari wasiitoe kama dawa ya kawaida ya ugonjwa huu, labda mara mojamoja na kwa siku chache.

Bi Asubuhi
Basi huo mwongozo uje kesho saa kumi na mbili unifungulie kitasa.

Kimya Kingi
😂😂 Bi Asubuhi usimwache.

Nyonga Kushoto
Nilikuwa nasoma tu nipite, lakini hilo neno "diklofenaki" limenirudisha mahali. Ni ndefu, nivumilieni.

Mimi ni nyonga. Niliandikiwa diklo za miligramu 50, asubuhi na jioni, siku tano, nile kwanza ndipo nimeze. Wakuu, ile dawa ni tamu. Siku ya pili nilivaa soksi mwenyewe, jambo ambalo mke wangu alikuwa akinifanyia kwa miezi. Siku tano zilipoisha nikaenda kununua kwa hela yangu, hakuna aliyeniuliza cheti. Ikawa desturi. Kufika mwezi wa nne nameza tatu kwa siku, na siku ikiwa mbaya nashushia na ibuprofeni, nikiamini ni dawa nyingine kwa kuwa rangi nyingine na jina jingine. Kumbe ni baba mmoja mama mmoja.

Tumbo halikuuma. Nalisema hili kwanza kwa sababu kila mtu huniuliza "hukuona dalili?" Kiungulia kidogo usiku, basi. Halafu choo kikawa cheusi. Si kahawia iliyokolea, ni cheusi cha lami, kinanata, na harufu yake ukiisikia mara moja utaijua siku zote. Nikajiambia ni vile vidonge vya kuongeza damu, kisha nikakumbuka sijavimeza tangu mwaka uliotangulia. Siku mbili nikanyamaza. Mke wangu akasema nimepauka, nikamjibu taa ya sebuleni ni mbaya.

Usiku wa tatu nikaamka kwenda msalani. Nakumbuka kushika sinki. Nakumbuka ubaridi wa vigae shavuni. Yaliyofuata nimesimuliwa.

Chupa 4 za damu. Wakapitisha kamera kooni wakakuta kidonda tumboni kinavuja. Daktari, kijana mdogo kabisa, akaniuliza natumia dawa gani. Nikamjibu "hakuna, za maumivu tu." Mke wangu hakusema neno. Alichukua koti langu, akaligeuza, akamwaga mezani pakiti tupu nilizokuwa nazificha mfukoni. 11. Kuanguka nimekusahau, ile sauti ya pakiti mezani sijaisahau.

Kimya Kingi
Pole sana mkuu. Nimesoma mara mbili.

Mguu Mzito
Nimeinuka kwenda kuchungulia choo changu, samahanini.

Fundi Ngazi
Mkuu ulitakiwa kupewa omeprazoli ya kulinda tumbo tangu siku ya kwanza! Aliyekuandikia ndiye wa kulaumiwa.

Nyonga Kushoto
Aliniandikia siku tano. Miezi minne niliiandika mimi.

Mguu Mzito
Hicho cheusi kilikuwa kinazama au kinaelea?

Goti la Kale
Jamani mada ni goti 🙏

Mizizi
Ndiyo maana mimi kemikali niliziaga. Natumia unga wa mizizi, kijiko kimoja asubuhi. Siku ya tatu goti likawa la kijana. Hauna madhara, ni asili tupu. Anayetaka anifuate inboksi.

Nesi Mstaafu
Unga unaonyoosha goti ndani ya siku tatu naugopa kuliko diklo. Nimewahi kumhudumia mama aliyekuja uso umevimba duara, sukari iko juu, mikono imejaa michubuko. Unga wake wa "asili" ulipopimwa ulikutwa umechanganywa na deksamethasoni, dawa ya stiroidi ya kushusha uvimbe. Na mtu akishauzoea muda mrefu akauacha ghafla, mwili unaweza kuzimika, maana tezi zake zimesahau kazi.

Mizizi
Unga wangu umeuona?

Nesi Mstaafu
Sijauona. Uso wako ukoje?

Kimya Kingi
😂😂😂

Mizizi
Manesi mnalipwa na viwanda vya dawa.

Nesi Mstaafu
Ningelipwa ningekuwa bado najibizana na wewe saa hizi? Niendelee kwa wanaosikiliza. Ibuprofeni, diklofenaki, naproksini, meloksikamu, zote zinazuia mwili kutengeneza prostaglandini. Hiyo ndiyo inayoleta maumivu na uvimbe, lakini hiyohiyo ndiyo inayolinda ukuta wa tumbo na kupitisha damu kwenye figo. Ukimeza mbili za ukoo huo, nafuu haiongezeki mara mbili, vidonda ndivyo vinavyoongezeka. Mwenye presha anayetumia enalapirili au lisinopirili pamoja na dawa ya kukojoza, akiongeza diklo juu, figo zinaweza kugoma. Anayetumia warfarini, ile ya kuzuia damu kuganda, asiziguse bila daktari wake kujua. Kwa goti na vidole anzeni na jeli ya diklofenaki ya kupaka, kidogo sana ndicho kinachoingia kwenye damu. Nyonga iko ndani mno, jeli haifiki.

Mzee Tangu Zamani
Dawa bora niliyowahi kumeza kwa goti hili ni Vioxx. Kimoja kwa siku, tumbo shwari. Septemba 2004 ikaondolewa sokoni dunia nzima, ikaonekana inaongeza shambulio la moyo na kiharusi. Nilikuwa nimebakiwa na vidonge 8. Msiniulize nilivifanya nini.

Bi Asubuhi
Tunakuuliza mzee wetu.

Nyundo
Mimi sindano ya stiroidi ndani ya goti. Ya kwanza, miezi miwili ya raha. Ya pili, wiki tatu. Ya tatu nilihisi sindano tu.

Fundi Ngazi
Dawa yake ni kupunguza uzito. Kilo moja ukiipunguza, goti linapumzishwa mzigo wa kama kilo nne kila hatua.

Bi Asubuhi
Nina kilo 51 na ugonjwa wangu uko vidoleni. Nipunguze kucha?

Mguu Mzito
Mimi niliambiwa nipumzishe mguu. Nimepumzika mwaka mzima, paja limebaki fimbo na goti linauma zaidi.

Nesi Mstaafu
Aliyekwambia alikosea. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mbele, kaza paja, hesabu mpaka kumi, shusha. Kila siku. Wiki za kwanza utanitukana.

Fundi Ngazi
Kuna krimu ya pilipili pia. Inawasha, kisha maumivu yanapungua baada ya siku kadhaa. Nawa mikono ukimaliza kupaka. Mimi sikunawa, nikafikicha jicho. Goti nililisahau kabisa siku ile.

Goti la Kale
Asanteni sana. Mmenifanya nikafungue droo ya kitandani. Kuna ibuprofeni, kuna diklo nilizopewa na jirani, kuna dawa ya mafua nimesoma nyuma ya boksi kumbe nayo ina parasetamoli, na kuna vidonge vyeupe visivyo na pakiti, vina mstari katikati. Halafu mimi nina presha, mwanzoni sikusema. Nesi, hivyo vyeupe nivifanyeje?

Nesi Mstaafu
Visivyo na jina havimezwi. Vingine vyote tia kwenye mfuko mmoja, pamoja na vya presha, nenda navyo kwa daktari wako. Usimwambie "za maumivu tu."

Nyonga Kushoto
Na mwenzio ajue ulipoziweka.

Bi Asubuhi
Mzee Tangu Zamani hatujakusahau. Vile 8?

Mzee Tangu Zamani
Vilinifikisha Desemba.